Maoni ya Mgeni wa Tisa

Watu wa mtaa wa chini walimwita Kamanda, na wala hawakumwita hivyo kwa heshima. Kila asubuhi alipopita na funguo zake kiunoni, muuza magazeti alisimama wima, akampigia saluti ya mkono wa kushoto na kupaza sauti: "Kamanda! Vita vimekwisha, au bado hujapata habari?" Naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeusikia utani huo mara elfu, kisha akapanda kilima kwenda kulinda mizinga miwili isiyoweza kumtisha hata kunguru.

Ngome yenyewe ukiiona kwenye picha utadhani ni kitu cha maana. Ukifika ndipo unakuta kuta za zege zilizopasuka, vyuma vilivyoliwa na chumvi, na upepo wa bahari unaoingia kwa kila tundu. Mzinga wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa umepinduka na kulala ubavu, tangu siku bomu la adui lilipoangukia ghala la baruti lililokuwa chini yake. Miaka mingi baada ya vita kwisha, serikali ikaezeka mabati juu ya vyumba vitatu, ikasimamisha sanamu la plastiki lenye magwanda, ikapigilia ukutani ubao wa shaba wenye majina ya askari ishirini na watatu waliofia pale, ikasema haya, hii sasa ni makumbusho, ikaenda zake. Akabaki mtunzaji.

Alibaki miaka kumi na minane. Mkewe alifariki katika mwaka wa sita, mtoto hawakujaliwa, na jioni alirudi kwenye chumba chenye kiti kimoja kwa sababu cha pili alikuwa amekigawa, hakuna aliyekikalia. Pale ngomeni alisalimiana na sanamu. Msicheke. Mtu akikaa siku nne bila kusikia sauti yake mwenyewe, atamsalimia hata mlango.

Kitu kizuri kuliko vyote humo kilikuwa bomba la shaba la kusemea. Lilianzia chumba cha juu, alikokaa mwangalizi wa meli, likateremka ukutani mpaka kwenye shimo la mzinga. Mwangalizi anasema juu, mpiga mzinga anasikia chini. Kamanda alilisugua kila Ijumaa mpaka likang'aa, lakini hakuwahi kulijaribu hata mara moja, maana lile lilitaka watu wawili.

Sasa, ofisi kuu ikaleta barua. Mwezi wowote ambao wageni hawatafika ishirini, ngome itafungwa, na mtunzaji atahamishiwa stoo ya makao makuu, chini ya ardhi, akahesabu viti vibovu. Barua ilifika mwezi ambao wageni walikuwa wanne: wapenzi wawili waliokimbia macho ya watu, fundi wa mabati, na bwana mmoja aliyepotea njia ya hospitali.

Kamanda alikaa mezani siku nzima akikitazama kitabu cha wageni. Mwishowe akashika kalamu. Akaandika majina ya wenzake wa shule, ya shemeji zake, la kinyozi wake. Majina yakamwishia haraka, maana hakuwa mtu wa watu. Akainua macho, akaona ubao wa shaba. Hawa nao si walikuja hapa? akajiambia. Tena walikaa kuliko mgeni yeyote. Akageuza ukurasa mpya, akawaandika wote ishirini na watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tarehe yake.

Kilichomponza zaidi ilikuwa safu ya maoni. Ofisini hakuna aliyeisoma. Angeweza kuandika "Pazuri" mara ishirini na tatu, mambo yakaisha. Lakini alipoanza akanogewa. "Upepo mkali ila nimepumzika." "Bomba la kusemea limetunzwa vizuri sana." "Mtunzaji ni mtu mwema," hili likamtia haya, lakini hakulifuta. Alipofika kwa mgeni wa tisa akasita, kisha akaandika neno moja tu, lile ambalo kwa miaka kumi na minane alitamani kulisikia kwa mtu yeyote anayetoka mlangoni mwake. "Nitarudi."

Yule mwanamke alikuja Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata, anahema kwa kilima, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule na alikuwa amesahau kuivua.

"Shikamoo, mama," alisema Kamanda, akiwa amekwisha kusimama.

"Marahaba. Ila umama huo umeutoa wapi, na hizo mvi zako? Niite dada."

"Haya, dada. Karibu. Tuanzie kwenye mizinga?"

"Mizinga sina haja nayo. Nina kaka yangu humu ndani. Nimekuja kumuaga."

Akamweleza wakiwa wanatembea. Binti yake, anayeishi mji ulio safari ya siku mbili, anamtaka ahamie kwake mwisho wa mwezi, maana macho yanaanza kuchoka na anaishi peke yake. Miaka arobaini na minne amekitazama kilima hiki kutoka dirishani, miguu ikikataa kupanda. Sasa anaondoka, akaona haiwezekani aondoke hivi hivi.

Mbele ya ubao wa shaba hakulia. Aliweka kidole juu ya jina, akakiacha hapo. "Walituletea barua tu," alisema. "Hakukupatikana hata kifungo cha shati. Mimi siku zote nimekuwa najiuliza, watu hawa walijuaje kama kweli amekufa?"

Kamanda akamtafutia kalamu. Akamwelekeza mezani atie sahihi, akageuka kupanga vipeperushi ambavyo havikuhitaji kupangwa. Akasikia kalamu ikianguka sakafuni.

"Huyu ni kaka yangu," ilisema sauti nyuma yake.

Mtu akikuambia damu imemwishia mwilini, mwamini. Kamanda aligeuka akamwona yule dada ameinamia kitabu, pua yake karibu igusane na karatasi.

"Majina yote matatu. Lake, la baba, la babu. Tarehe ishirini na nne, mwezi uliopita. Mwezi uliopita!"

"Dada, majina..." Alitaka kusema majina hufanana. Ni uongo mdogo, ungemtosha, na mambo yangeishia pale. Lakini yule dada alikuwa na kasi kuliko yeye.

"Kaka hakujua kuandika. Aliacha shule akabeba mawe ili mimi nisome. Barua zake zote nilimwandikia mimi, hata za kwenda kwa wachumba, aibu tupu! Kwa hiyo huu mwandiko si wake, hana mwandiko. Kuna mtu kamwandikia." Akamwangalia usoni. "Ni wewe?"

Ewe Mola. Angesema ukweli, kwamba hakuna aliyekuja. Mimi nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado nasema angeusema ukweli, hata kama kwa kufanya hivyo angefukuzwa kazi siku ileile. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuona uso ule. Kamanda aliuona.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndiye niliyemwandikia."

"Na hili neno, kalisema mwenyewe? Nitarudi?"

"Kalisema."

Yule dada akakaa juu ya kreti la risasi la maonyesho, ambalo haliruhusiwi kukaliwa, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. "Mjinga yule! Miaka arobaini na minne! Kwanza nitampiga kibao, halafu ndipo nitamkumbatia. Ana kovu bado, hapa juu ya jicho?"

"Alikuwa... alikuwa amevaa kofia."

"Kofia! Basi ni yeye! Alikuwa havui kofia hata mbele ya wazee, marehemu mama alimpigia kelele mpaka akachoka."

Mnaona mambo? Kamanda wala hakuhitaji kudanganya sana. Sehemu kubwa ya kazi aliifanya yule dada mwenyewe.

Kesho yake akaja tena, kumsubiri. Na keshokutwa. Kila asubuhi Kamanda alipanda kilima akijiapiza kwamba leo namwambia, na kila asubuhi akamkuta keshafika, amekaa kwenye kizingiti na kikapu chake cha vitambaa, anashona vifungo. "Umechelewa, mdogo wangu," angemwambia. "Adui angekuwa ameshatua."

Mdogo wangu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita na dada zake wote walikuwa wametangulia. Akanunua kikombe cha pili. Akanunua na sukari. Nasema ukweli wake kwa sababu ndio unaoniudhi: alikuwa na furaha. Alisikia aibu, na alikuwa na furaha, na vyote viwili vilimkuta kwenye kikombe kimoja cha chai.

Siku moja akamwonyesha lile bomba. Dada akateremka kwenye shimo la mzinga, Kamanda akapanda chumba cha juu, akaweka sikio.

"Haloo!" ilitoka sauti, karibu kabisa, kana kwamba mtu yumo ndani ya sikio lake. "Huko juu mmekula nini leo? Huku chini tuna njaa!"

Kamanda akabaki ameweka sikio pale pale, asitake kulitoa.

"We! Umekufa huko?"

"Nipo," alisema. "Nipo, dada. Nakusikia."

Wiki ya pili akaja na kitambaa, pamba nzito ya rangi ya udongo. "Nataka akija akute shati. Amenenepa au amekauka?"

"Wa kadiri."

"Wa kadiri ndiyo nini? Mimi ni fundi, sikati kitambaa kwa maneno. Ni kama nani?"

Kamanda akatazama huku na huku. Mlikuwa na yeye na sanamu tu. "Kama mimi," alisema.

"Basi simama. Nyoosha mkono."

Akampima mabega, kifua, urefu wa mkono, akiandika namba kwenye kipande cha karatasi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, havikukaa mahali. Tangu mazishi ya mkewe hakuna aliyekuwa amemgusa Kamanda isipokuwa kinyozi. Akakaza macho kwenye ubao wa shaba, kwenye jina la tisa, akaomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Upepo wa pale haukumfaa yule dada. Akaanza kukohoa. Kamanda akamwambia apumzike nyumbani, kaka yake akija atamtumia habari. "Nimekaa nyumbani miaka arobaini na minne," alijibu. "Safari hii akija atanikuta mlangoni."

Jumatatu ya mwisho wa mwezi alikuja na furushi kwapani na bahasha mkononi. Furushi lilikuwa shati, limekwisha, limepigwa pasi. Bahasha akaifungua mezani.

"Nisomee kama Kiswahili kimekaa sawa. Ni ya ofisini kwenu. Nataka jina la kaka likwanguliwe pale ukutani. Mtu mzima anapumua, anaandikwa na marehemu kwa nini? Tia sahihi hapa chini, palipoandikwa shahidi."

"Shahidi?"

"Si wewe uliyemwona? Na binti yangu nimemwambia leo asubuhi asinisubiri, siendi. Kaniambia nimerukwa na akili, nikamkatia simu. Chumba changu mwenye nyumba keshampa mtu mwingine, lakini si kitu, nitatafuta kingine chenye vitanda viwili. Andika, mdogo wangu. Mbona umeduwaa?"

Kamanda alikuwa ameshika kalamu. Mkono ulioandika majina ya watu ishirini na watatu waliokufa ulishindwa kuandika jina moja la mtu aliye hai. Akaona mbele yake chumba chenye vitanda viwili, kimoja kimetandikwa na hakilaliwi, mwaka mzima, na mwaka unaofuata. Kitanda kama kile alikuwa nacho. Alijua kinavyotazama.

"Dada," alisema, "shuka kwenye shimo. Nataka kukuambia neno kwenye bomba."

"Leo kuna michezo!" Lakini alikwenda, anacheka, anakohoa.

Kamanda akapanda juu. Akaweka mdomo kwenye shaba. Ilikuwa baridi na ilinuka dawa ya kusugulia.

"Dada."

"Nakusikia, mkubwa! Meli ngapi?"

"Kaka yako hakuja."

Akasogeza mdomo karibu zaidi.

"Hakuja, dada. Sijamwona. Nilinakili majina kwenye ubao, yote ishirini na matatu, ofisi ilikuwa inataka idadi ya wageni. Hakuna kofia. Neno lile nilitunga mimi. Nisamehe."

Akageuza kichwa akaweka sikio. Bomba lilikuwa linavuma upepo tu. Alisubiri mpaka akadhani amekwenda zake, ndipo sauti ikaja, ndogo, haina kicheko ndani yake.

"Teremka. Uyaseme hayo mbele yangu."

Ngazi zilikuwa thelathini na moja. Aliteremka zote, akasimama mbele yake kando ya mzinga uliopinduka, akayasema tena yote, akimwangalia usoni. Yule dada hakumpiga. Afadhali angempiga.

"Siku ya kwanza," alisema, "kwa nini hukusema?"

"Nilikuonea huruma."

"Na siku zilizofuata?"

Hapo Kamanda angeweza kutafuta maneno mazuri. Hakuyatafuta. "Nilikuwa nafurahi ukija."

"Ulikuwa unafurahi." Akarudia kama mtu anayeonja kitu kichungu. "Basi wewe ulipata mgeni, mimi nikafiwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa na mama wa kulia naye. Leo nilie na nani? Wewe?"

"Dada..."

"Usiniite dada. Na hawa wengine ishirini na wawili, hukuwaza kama nao wana watu wao? Uliona ni shaba tu?"

Alichukua muda mrefu kukunja barua. Aliikunja mara mbili, mara nne, mpaka ikawa kipande cha ukubwa wa kifungo, akakitia kifuani. Kisha akamtupia lile furushi.

"Vaa."

"Siwezi. Tafadhali."

"Vaa, nimesema! Nilikupima wewe. Litamwenea nani mwingine?"

Akavua shati lake la kazi pale pale kwenye upepo, akavaa lile jipya. Lilimkaa kama ngozi. Mabega sawasawa, mikono sawasawa. Yule dada akasogea na bila kufikiri, kwa mazoea ya kazi, akamnyoosha kola. Kisha akaurudisha mkono haraka.

"Geuka," alisema. "Tazama baharini. Usigeuke mpaka nikuambie."

Kamanda akageuka, akasimama kando ya mzinga, mahali walipokuwa wakisimama wale vijana. Nyuma yake akasikia pumzi ikivutwa, kwa nguvu, mara moja. Alijua kwamba anatazamwa mgongo na kwamba si yeye anayetazamwa, akajitahidi kusimama wima, bila kutikisika, maana ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa. Akasikia nyayo zikipanda ngazi. Zikakatika kidogo pale juu, panapo meza. Kisha upepo peke yake.

Hakugeuka. Alisubiri kuambiwa. Jua likahama kutoka bega la kulia likaja la kushoto, na hakuna aliyemwambia kitu.

Alipopanda hatimaye, chumba kilikuwa kitupu. Kikapu hakipo. Kikombe cha pili kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi kwenye ukurasa ule, na kalamu imelazwa juu yake. Kwenye mstari wa tisa, neno "Nitarudi" lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, umenyooka kama umepigwa kwa rula ya fundi. Juu yake, kwa mwandiko safi wa msichana aliyesomeshwa kwa mawe, dada alikuwa amemwandikia kaka yake, kama alivyomwandikia siku zote.

"Sikurudi."

Kamanda alikaa. Alilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia, na baadaye akachukua kalamu akakata majina mengine yote aliyoyaandika, la kinyozi na yote. Akafunga milango mitatu, akatia kitabu kwapani, akateremka kilima akiwa bado na lile shati.

Muuza magazeti alipomwona akasahau kupiga saluti. "Kamanda! Umependeza leo. Unakwenda kuoa?"

"Naenda ofisini. Napeleka idadi ya wageni wa mwezi."

"Enhe? Wamefika wangapi?"

"Mmoja," alisema Kamanda. "Na hakutia sahihi."